Kabari Kwenye Jino

Fundi alikuwa na jicho. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hata ya salamu alikuwa ameshajua mlango upi umekaa upande, wala hakuwa mtu wa kumeza neno. Wanafunzi wa karakana yake ya useremala walimwita Timazi, kama kile kipimo cha unyoofu, ila akiwa mbali. Mlango ukipishana na fremu kwa upana wa ukucha, aliung'oa mbele ya aliyeupachika na kumwambia, "Huu kampelekee mama yako akafugie kuku."

Binti yake wa miaka kumi na sita alikulia katika maneno hayo.

Mama yake ndiye aliyemwanzishia matibabu ya kunyoosha meno, miezi mitatu kabla hajafariki. Alitaka mwanawe acheke bila kuziba mdomo kwa kiganja. Mwaka wa pili wa waya ulipofika katikati, meno yaliyokuwa yamepandana yalikuwa yameshajipanga. Siku moja binti alitoka kliniki akaenda moja kwa moja karakanani, akasimama mbele ya benchi la baba yake, akatabasamu.

Fundi akaweka randa chini. Akafumba jicho moja.

"La pili, juu kushoto," alisema. "Limeegama."

Akashika randa, akaendelea na kazi.

Tangu hapo binti hakutabasamu tena. Kila kioo alichokipita alikipandishia mdomo. Aliporudi kliniki alimwonyesha daktari lile jino, na daktari, mama mfupi mwenye mikono myepesi, akacheka.

"Nusu milimita hiyo, binti. Nani atakusogelea mdomoni na rula? Hayo bado yanatembea. Huenda likanyooka lenyewe, na lisiponyooka utazeeka nalo na hakuna atakayeligundua." Kisha akaacha kucheka. "Ila msijaribu lolote nyumbani. Mgonjwa akichezea waya, tunautoa na hatumrudishii. Hiyo ndiyo sheria ya hapa."

Shangazi yake, aliyehamia kwao baada ya msiba, naye alimwonya. "Mkamia maji hayanywi, mwanangu. Mimi mawili yamekwenda na bado nacheka, tena kwa sauti."

"Ndiyo maana Baba huhamia uani ukianza," binti alijibu.

Ulimi ule shangazi aliujua ulikotoka.

Jumamosi binti akamfuata baba yake kwenye benchi. "Baba, mlango wa mteja ungeuacha ukae hivi?"

"Nisingeuacha."

"Na mimi je?"

Fundi akachagua kipande cha mbao ngumu, akakichonga kwa patasi mpaka kikawa chembamba kama kipande cha ukucha, akakilainisha kwa msasa. Fremu ngapi alikuwa amezinyoosha hivyo! Unachomeka kabari kavu kwenye upenyo, unailowesha, inavimba, inasukuma kile ambacho nyundo imeshindwa. Na mdomoni maji hayakosekani.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Siku tatu tu."

Akamshika kidevu, akaichomeka kando ya lile jino kwa kidole gumba. Iliuma mpaka machozi yakamtoka, lakini binti alitulia tuli. Tangu siku ya mazishi baba yake hakuwa amemgusa uso.

Siku ya pili alishindwa kula. Siku ya nne fundi aliivuta kabari kwa koleo, ikakatika, ncha ikabaki ndani ya ufizi.

"Imetoka," alisema.

Binti akapapasa kwa ulimi, akaikuta bado imo. "Asante, Baba," akasema.

Siku ya nane shavu lilikuwa limejaa usaha na jino linacheza. Daktari hakuwa na la kufanya ila kuling'oa. Alipolitoa, kijiti kikafuatia, kikaangukia kwenye pamba.

"Mbao?" Daktari alikigeuza kwa kibano. "Nani kaweka mbao humu?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sikiliza, binti. Kama kuna aliyekufanyia, nitajie. Sitakuadhibu wewe kwa kosa la mwingine. Tutaendelea na hayo yaliyobaki."

Binti akageuza macho kwa baba yake, akangoja. Alimsikia akipumua. Fundi alikuwa anatazama fremu ya dirisha.

"Mimi," binti akasema.

"Wewe! Umetupa jino zima kwa nusu milimita!" Daktari akavuta taa karibu. "Haya, fungua mdomo."

Akautoa waya wote. Vyuma vilidondoka kimoja kimoja kwenye bakuli la bati, na fundi akavisikiliza vyote. Miezi minane ya matibabu ilikuwa bado imebaki. Sasa palikuwa na pengo, na daktari alisema wazi kwamba mengine yangerudi yalikotoka, mdogo mdogo.

Nyumbani shangazi aliwapokea mlangoni, akaona lile shavu, akaona pamba yenye damu, akashika kichwa.

"Mungu wangu! Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

Binti akamtazama baba yake kwa mara ya pili.

Fundi aliinama akavua viatu, akavipanga ukutani, visigino sambamba.

"Watoto wa siku hizi, dada," alisema, "hawaambiliki."

Binti akameza damu, akaitikia kwa kichwa.