Maji ya Paa la Askerby

Mimi Wymark ni fundi wa mapaa ya madini ya risasi, na hakuna mfereji wangu uliopata kuvuja. Isipokuwa mmoja, na huo niliutoboa mwenyewe.

Kule kijijini Askerby tuliondoa nyasi kuukuu juu ya kanisa, tukaezeka kwa mabamba ya risasi. Ukuta ulipandishwa ukingo, nyuma yake ukapita mfereji, na maji yote yakawa ya kutemwa na simba wa jiwe aliyechongwa pembeni. Kazi safi. Ila mwanamke mmoja, Hawise, alikuwa habanduki chini ya ukuta wa kaskazini, upande usio na jua wala kaburi lenye msalaba.

"Fundi, mvua ikinyesha, hapa patadondoka?"

"Hata tone, mama. Yote kwa simba."

"Basi umemuua mwanangu mara ya pili."

Nilitaka kumtukana, mdomo wangu si mzuri. Akanieleza. Mtoto wake alikufa kabla Padre hajafika na maji ya ubatizo, na asiyebatizwa mbinguni haingii. Mchimba makaburi akamhurumia, akamfukia mtoto chini ya mchirizi wa paa la nyasi, ili mvua inayopita juu ya kanisa imbatize kidogo kidogo. Miaka saba sasa.

"Padre anasemaje?"

"Eti tumwachie Mungu. Mungu ananyesha, bwana. Anayezuia ni wewe!"

Nilikasirika, maana alisema kweli. Siku ya mwisho ya kazi nilitoboa tundu la kidole kwenye mfereji, juu ya pale pale, nikaacha upenyo kati ya mawe ili maji yatokee nje. Mvua ya kwanza Hawise alisimama chini yake, uso umelowa. Hakunishukuru. Tenda wema nenda zako, nikaenda zangu.

Mwaka wa tatu nilirudi kutafuta kazi. Thurstan, mzee wa kanisa, alinipokea kwa kicheko kibaya.

"Karibu, fundi usiyevuja! Hatukuziba ufa, sasa tunajenga ukuta."

Ukuta wa kaskazini ulikuwa umefura tumbo. Kuta zile ni mawe nje, mawe ndani, kifusi katikati. Baadhi ya maji ya tundu langu yalipotelea kwenye kifusi, baridi ikayagandisha, yakapasua. Walikuwa wakijenga mhimili mnene wa kuuegemeza, na msingi wake waliuchimba pale pale nilipotoboa juu. Udongo waliutupa barabarani, mikokoteni ikaupita.

Hawise alikuwa amepiga magoti katika tope lile, akilichambua kwa vidole. Nikapiga magoti kando yake. Mpaka jioni tulipata vijifupa viwili, vyembamba kama vya kuku. Akavifunga kwenye aproni, akaenda pembeni, akachimba kwa mikono chini ya simba, yanapoangukia maji ya paa zima.

Nilimtazama. Kumbe siku ile ya kwanza nilifikiria mfereji wangu tu.

Alipomaliza kufukia alifuta mikono, akapima kwa macho kutoka kwa simba hadi kwenye shimo la msingi.

"Hatua ishirini, Fundi. Ungeniambia nimlete huku kwa simba, ningemhamisha akiwa kamili."