Mafuta ya Kitanda cha Mlangoni

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, baada ya chakula cha mchana, na aliyeyaharibu ni meneja. Nasema mapema ili mtu asihangaike kutafuta mwingine.

Nyumba hii ya wazee tuliingia wawili, mimi na mke wangu. Yeye wakamweka upande wa wanawake, mimi upande wa wanaume, kana kwamba waliogopa tutazaa tena. Mwaka jana akazidiwa, siku ya Jumamosi. Tangu asubuhi alikuwa anaomba padri. Nikaambiwa padri huombwa ofisini, na Jumamosi ofisi imefungwa. Basi mama watoto akaenda zake bila sala, kanishika mkono mimi, mlinzi wa getini mstaafu, ambaye hata hizo sala nilizijua nusunusu. Tangu siku hiyo sikusali tena. Na meneja sikumwamkia tena.

Meneja tunamwita Bwana Utaratibu. Ukimwambia choo kimeziba, kuna utaratibu. Ukimwambia mtu anakufa, kuna utaratibu. Yeye ndiye aliyetoa majina yetu vitandani, eti jina la mtu ni siri. Tukawa kitanda cha dirishani na kitanda cha mlangoni.

Cha dirishani kilikuwa changu. Cha mlangoni kilikuwa cha Fundi, mshona nguo, mtu wa maneno mengi na mapafu mabovu. Daktari alishasema hakuna la kufanya zaidi ya kumtuliza. Siku moja Fundi akaniambia, "Mwenzangu, nipe dirisha."

"La nini? Nje kuna ukuta na tangi la maji."

"Nataka mwanga. Nikifia gizani nitafika huko nimevaa shati ndani nje, na mimi ni fundi. Niweke wapi uso wangu?"

Tukabadilishana. Muuguzi wa zamu alitusaidia, na akapeleka taarifa ofisini. Ofisi ikajibu kwamba jambo hilo litajadiliwa kwenye kikao.

Kisha Fundi akaanza kumtaka padri, amsalie na kumpaka mafuta kabla hajafa. Nikaapa moyoni kwamba huyu hataondoka kama alivyoondoka mke wangu. Kila asubuhi nilikwenda kusimama mlangoni kwa meneja, naye akanijibu bila kuinua macho kwenye makaratasi yake.

"Fundi anataka padri."

"Mzee, kuna utaratibu."

"Na roho nayo inaujua huo utaratibu?"

"Mzee wangu, utapandisha presha bure."

"Presha ni yangu. Wewe mwite padri."

Akachoka. Padri akaitwa, lakini saa yenyewe sikuambiwa.

Jumanne hiyo muuguzi alikuwa amepelekwa kwenye semina ya huduma bora. Mimi nimeshiba, nimelala chali, mdomo wazi, meno ya bandia kwenye glasi. Pazia la katikati limefungwa kwa sababu Fundi alikuwa ametoka kubadilishwa shuka. Meneja, ambaye chumba chetu hukiingia akiwa na wageni tu, akamleta padri mwenyewe. "Kitanda cha mlangoni," akasema.

Nilizindukana na kidole gumba cha mtu kwenye paji la uso, kimejaa mafuta. Nikafumbua jicho, nikamwona meneja. Nikajisemea, basi nimekufa, na kumbe hata huku yuko.

"Si mimi!" nikapiga kelele.

Meneja akamnong'oneza padri, "Wote husema hivyo. Hawakubali kirahisi."

"Usiogope, mzee wangu," padri akasema. "Pokea."

"Nipokee nini? Anayekufa yuko dirishani!"

Meneja akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ameanza kuona watu dirishani."

"Basi yuko karibu sana," padri akasema, akaongeza mafuta.

Nyuma ya pazia nikamsikia Fundi anacheka, anakohoa, anacheka tena. "Mwenzangu," akasema kwa sauti ya uzi, "tulia upakwe. Unamchelewesha mtu." Kisha pumzi ikamwishia, wala hakuweza kuita.

Nikajaribu kuinuka. Meneja akanikandamiza bega, kwa upole wa mtu anayefunga sanduku lililojaa. Padri akasali, na sitamsingizia, alisali vizuri. Alimwombea mtumishi aliyewavika watu kwa kazi ya mikono yake. Mimi mikono yangu miaka yote ilikuwa mifukoni. Maneno yale yalikatwa kwa vipimo vya Fundi, na kila yalipotua, kutoka nyuma ya pazia ilikuja "amina" ndogo. Ile ya mwisho niliisema na mimi. Sijui ilinitokaje.

"Kuna mtu ungependa kumsamehe?" padri akaniuliza.

Nikamtazama meneja. "Hapana."

Simu ya padri ikalia. Alikuwa anasubiriwa kwenye nyumba nyingine. Wakatoka mbio. Mpaka nimepata meno na ndara, gari lilishapita getini.

"Mmempaka mtu asiyeumwa!" nikamwambia meneja mbele ya wapishi. "Mrudishe padri!"

"Kitanda cha mlangoni kimehudumiwa," akasema. "Kumwita tena ni ombi jipya."

Nikarudi chumbani, nikafungua pazia. Fundi ametoa machozi ya kicheko.

"Suti yangu," akasema, "umevaa wewe."

Nikagusa paji langu. Mafuta yalikuwa bado mabichi. Nikayafuta kwa kidole gumba, nikampaka yeye, nikikazana yasibaki hata kidogo.

"Na maneno?" akauliza.

"Si umeyasikia?"

"Nimeyasikia. Lakini yalikuwa yanakutazama wewe."

Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, akakata roho. Jua lilikuwa juu ya tangi la maji, na mkono wake ulikuwa mkononi mwangu.

Binti yake alifika mchana. Meneja akamwambia utaratibu wote ulifuatwa. Binti si mjinga, akaja kukaa kitandani kwangu. "Baba mdogo, niambie wewe. Baba alisaliwa?"

Nikamweleza yote, na pale kwenye kusamehe pia. Alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, na alipoutoa hakuwa anacheka tena. Akaniuliza swali moja.

Nimempelekea padri swali hilo alipokuja tena. Akatazama viatu vyake, akasema atamwuliza askofu. Nimempelekea meneja. Akasema litajadiliwa kwenye kikao. Mpaka leo nalala kitanda cha mlangoni, cha dirishani kitupu, na bado nalisikia:

"Kwa hiyo, baba mdogo, sala ile ilimfikia baba, au ilibaki kwako?"