Mgonjwa Haamshwi

Kama kupumzika kungekuwa dawa, ningekuwa nimepona mimi na mtaa mzima. Nimepumzishwa na mume wangu, nimepumzishwa na wifi, nimepumzishwa hata na muuza mkaa wa jirani, ambaye akiniona nimesimama mlangoni ananiamuru nirudi kitandani. Uvimbe wa titi ulikatwa, dripu za dawa zikaisha, daktari akasema naendelea vizuri. Kilichobaki ni uchovu na kukosa usingizi. Usiku sikupata hata lepe, mchana nikawa nazunguka nyumbani kama kuku aliyenyeshewa.

Mimi ni mkataji. Katika karakana yetu ya sare za shule, vitambaa hupangwa tabaka arobaini juu ya meza, na mimi ndiye ninayepitisha mashine ya kukatia. Mkono ukiteleza kidogo, mashati arobaini yamekwenda na maji. Kazi hiyo haifanywi na mtu anayesinzia. Bosi alinishikia nafasi miezi minane, sina ubaya naye, ila aliniambia wazi kwamba msimu wa sare ukianza bila mimi, meza anapewa mwingine. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Hospitali wakanipeleka kwa mshauri wa usingizi. Nilitarajia vidonge, akanipa daftari na masharti. Nisiingie kitandani kabla ya saa sita usiku. Usingizi ukikataa, niondoke nikakae sebuleni mpaka urudi wenyewe. Mchana nisilale. Na kubwa kuliko yote, saa kumi na mbili asubuhi niwe nimesimama, hata kama sikufumba jicho, na kila siku niandike kwenye daftari nimelala saa ngapi na nimeamka saa ngapi. Nilimgombeza. Mtu amekosa usingizi, halafu dawa yake ni kunyimwa kitanda? Hakukasirika. Alieleza kwamba zile siku za kujilaza mchana kutwa zimeufundisha mwili wangu kuwa kitanda ni mahali pa kuwaza, na kwamba sasa tunaufundisha upya. Wiki za kwanza zitakuwa chungu, akasema, na matibabu yote ni wiki sita. Nikapiga hesabu ya meza yangu, nikakubali.

Siku ya kwanza niliamka saa tatu. Simu niliyoitega iniamshe haikulia. Siku ya pili, saa nne. Nikaitukana simu matusi ambayo sitayarudia hapa. Mume wangu akaninunulia saa ya mezani yenye kengele ya kufufua wafu, nayo ikanyamaza kama imeapishwa. Nikaanza kujitilia shaka mwenyewe, labda inalia na mimi nimekuwa gogo. Usiku uliofuata kila kulala hivyo nilikodoa macho mpaka alfajiri, na daftari likajaa saa tatu na saa nne.

Mwisho wa wiki ya pili mshauri alilifungua, akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama kweli nayataka matibabu haya. Nililia ukumbini, na hakikuwa kilio cha huzuni. Mimi niliyewavisha nusu ya watoto wa mji huu naulizwa kama nina nia.

Kesho yake kabla hakujapambazuka nilikuwa nimelala macho, nimeyafumba kwa nguvu tu. Mlango ukafunguka taratibu. Alikuwa mama yangu mzazi, aliyehamia kwetu kuniuguza tangu nilipopasuliwa. Aliichukua ile saa, akaifunga kwenye taulo, akatoka akinyata. Nikamfuata mpaka jikoni, nikamkuta anaizika kwenye pipa la unga. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimevaa kanga yangu.

Nilimuuliza anafanya nini na saa yangu. Hakushtuka hata kidogo.

"Simu nilikuwa naizima, saa naificha, kisha nairudisha kengele ikishalia. Alfajiri ndipo unapopata usingizi," alisema. "Mgonjwa haamshwi."

Nilimwambia amenipotezea wiki mbili, amenifanya mzembe mbele ya mshauri, na meza yangu ikienda itakuwa imekwenda kwa mkono wake. Nikamwambia kama anataka maiti wa kumlaza na kumfunika shuka, asubiri zamu yangu ifike. Hilo la mwisho ningelimeza, lakini lilikuwa limeshatoka.

Alikaa kwenye kigoda, mikono ina unga.

"Mama yako mdogo, niliyekuwa nikipika naye mgahawani," alisema, "nilikuwa namwamsha mimi. Kila siku ananiambia dada nimechoka. Nikamwita mvivu. Siku moja nikammwagia maji. Akaamka, akawasha jiko, na mwezi haukuisha tukamzika. Ulikuwa ugonjwa huu huu wako. Kwenye titi."

Mama mdogo namkumbuka. Nilikuwa darasa la tatu, tukaambiwa amekufa ghafla. Nilimhurumia mama, nasema kweli. Lakini huruma haikukaa hata dakika, maana nilikumbuka jambo jingine.

"Daktari aliuliza kama ugonjwa huu umo kwenye ukoo," nikamwambia. "Ulikuwa umekaa pembeni yangu. Ukasema haumo."

"Niliona aibu," alisema.

Aibu. Mimi ninapasuliwa titi, yeye anaona aibu, na ile aibu anaifunika kwa shuka langu. Nilitaka kuvunja sahani zote kabatini. Badala yake nikaitoa saa ndani ya unga, nikaing'oa betri.

"Kuanzia kesho utaniamsha wewe. Saa kumi na mbili kamili."

Alitikisa kichwa, akasema hawezi, nimwombe mume wangu. Nikamwambia mume wangu hakumwamsha mtu yeyote akafa. Nilikuwa mkali, na sikujutia.

Usiku ule nilifuata masharti yote, nikaambulia labda saa tatu za usingizi. Asubuhi nilikuwa macho niliposikia ndala zake zikija, zikasimama mlangoni. Ningeweza kuamka mwenyewe, nikamwokoa. Sikuamka. Nilitaka aliseme kwa mdomo wake. Dakika zilipita, nikimsikia anavyopumua.

"Amka," akasema hatimaye. "Amka mwanangu, kumekucha."

Nikafungua mlango. Akanishika mkono, akanitazama kuanzia utosini mpaka miguuni.

"Umechoka?" akauliza.

"Nimechoka sana, mama."

Mkono wangu hakuuachia, lakini hakunirudisha kitandani.