Mgeni wa Kuvunja Matanga

Tangu asubuhi sahani ya unga mwekundu ilikuwa juu ya stuli mlangoni, wala hakuna aliyethubutu kuigusa. Ilikuwa siku ya Holi, sikukuu ambayo Wahindu huyapokea majira ya machipuko kwa kupakana rangi. Lakini baba wa nyumba hii, Mzee Kantilal, alikuwa amefariki mwezi wa Juni.

"Nyumba iliyofiwa haichezi rangi," Falguni, mkaza mwana wake, alinieleza, "mpaka mtu wa nje aje atupake. Asipokuja kabla ya adhuhuri, tunaukalia msiba mwaka mwingine."

Nilielewa upesi, kwani kwetu Tanga nako matanga huvunjwa. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kilifi, nimeletwa Malindi kwa mafunzo ya kazi, na kwa wiki saba nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma cha nyumba hii.

Majirani walipita langoni wakishusha sauti. Pwani mjane hasumbuliwi. Kimya chao kilikuwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikitufungia mlango. Saa nne simu ililia. Rafiki wa marehemu, aliyetarajiwa kutoka Mombasa, alikuwa ameshikwa na homa.

"Saa ngapi sasa?" Dhruvi, binti wa Falguni mwenye miaka minane, aliuliza kwa mara ya kumi. Nilikaa, nikainuka, nikakaa tena.

"Ba, nikamwite Bi Mwanamina hapo jirani?" nilimuuliza mjane wa mzee. Sote tulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati.

"Rangi haiombwi, Idah. Mtu huja kwa moyo wake."

"Basi Mramba je?"

Mramba, mtunza bustani wa nyumba hii kwa miaka thelathini, alicheka akiwa ameshika reki. "Mimi? Siku ya mazishi mimi na mwana wa mzee tulinyolewa kwa wembe mmoja. Mimi mfiwa, binti. Na hiki kipara tazama, mpaka leo kinadai nywele zake!"

Hata Ba alitabasamu. Nikajipa moyo. "Basi nitapaka mimi."

"Wewe?" Ba aliniangalia kwa mshangao. "Wewe unakula jikoni kwangu, chungu kimoja. Pilipili nikizificha unazijua zilipo. Wewe ni wa nyumba."

Neno hilo nilikuwa nimelitamani tangu nivuke mpaka wa Lungalunga. Nchi ya watu, hata wakikucheka kwa upole kwamba Kiswahili chako kina adabu nyingi mno, hubaki nchi ya watu. Sasa nilikuwa nimepewa nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa inanizuia. Saa sita kasorobo.

Nilichukua viatu vyangu vya safari, nikatoka bila kuaga. Nilivuka lango, nikaenda hadi pembe ya barabara, nikavivaa, nikarudi polepole. Nilisimama nje kama siku ya kwanza.

"Hodi!"

Mramba aliacha kufagia.

"Hodi wenyewe!"

"Nani?" Sauti ya Ba ilikuwa kavu.

"Mgeni. Natoka Tanga. Nimesikia mmefiwa na mzee wenu, nimekuja kuwapa pole."

Nikaanza kuona aibu. Pengine nilikuwa nimeifanyia mzaha huzuni yao. Halafu komeo likalia.

"Karibu, mgeni," alisema Ba. Hakuniita Idah.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba."

Nilichovya kidole katika unga, nikampaka katikati ya paji la uso. Mstari ukapinda hadi kwenye nyusi. Ba alifumba macho. Nikampaka Falguni, kisha Dhruvi, ambaye alipiga kelele na kumkimbilia Mramba na chupa ya maji ya rangi.

Nami nilitaka kuwafuata nikacheze. Lakini Ba alinishika mkono, akanipitisha jikoni pasipo kusimama, akaniketisha sebuleni kwenye kochi ambalo sikuwahi kulikalia. Alileta chai katika vikombe vya maua, vya wageni.

"Mgeni aliyekuja kutoa pole," alisema, "lazima aambiwe marehemu alikuwa nani."

Akaanza. Falguni alikuwa ameniambia kwamba tangu Juni Ba hakuwa amelitaja jina la mumewe. Nje walikuwa wakicheka, nami nilishika kikombe kwa mikono miwili, nisijue mgeni huinuka lini.