Baridi ya Mzee Ulimboka

Mtu akiniuliza kitu gani kimenichosha mwaka huu kuliko vyote, sitasema ugonjwa wa baba. Nitasema plagi. Plagi nne za kuwashia petroli, kila moja haizidi urefu wa kidole, na fundi mzima aliyeapa kwamba anazijua.

Pikapu ni ya baba, Mzee Ulimboka. Aliinunua ikiwa kuukuu alipostaafu karakana ya reli hapa Kilosa, akaipasua injini yote na kuifunga upya kwa mikono yake. Sasa mkono mmoja hauinuki. Kiharusi kilimpata mwezi wa pili, kikachukua upande wa kulia na karibu maneno yote. Yalibaki manne: ndiyo, hapana, maji, na Perpetua, jina la marehemu mama. Kila Jumatano nampeleka hospitali Mikumi kwenye mazoezi ya viungo, na tangu tuanze vidole vimeanza kukunjuka. Wameshanionya kwamba tukiacha vitajikunja tena. Kwa basi haiwezekani. Nilijaribu mara moja na sitaki hata kusimulia.

Mdogo wangu Evance, anayekaa Morogoro, ana mawazo yake.

"Dada Aneth, hiyo gari imechoka. Na mzee mwenyewe haelewi kitu sasa hivi. Nimepata mteja, Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kuichukua."

"Na mazoezi atakwenda kwa mbawa?"

"Tutaangalia," akasema. Namfahamu Evance. Akisema tutaangalia, ujue amemaliza kuangalia.

Ili nimfunge mdomo nikalipeleka gari, baba akiwa ndani, kwa Jastin, fundi wa jirani na reli, maana asubuhi lilikuwa linawaka kwa kusuasua. Jastin alipita dirishani, "Shikamoo mzee," na kabla baba hajajaribu kufungua mdomo alishageukia boneti. Hivyo ndivyo wanavyomsalimia siku hizi, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba anayojua haina watu.

"Dada, plagi zimekwisha hizi," Jastin akasema. "Nakuwekea za moto kabisa."

Nikamwambia weka. Nani anakataa kitu cha moto? Siku hizi nguo nzuri ni ya moto, wimbo mzuri ni wa moto, hata mchungaji wetu mpya vijana wanasema ni wa moto. Nikaondoka nimeridhika.

Kesho yake ikawa Jumatano, na baba akapata neno la tano.

Tulikuwa hatujafika Masanze. Gari lilikuwa linapanda kilima, injini ikaanza kugonga kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Baba akasema, "Baridi."

Nilifurahi nusura niingie mtaroni. Neno jipya baada ya miezi yote hiyo! Nikapandisha kioo cha upande wake. "Baridi," akasema tena. Nikasimama, nikamvisha sweta. Tulipofika Kisanga akalisema kwa nguvu huku akipiga dashibodi kwa mkono ulio mzima, nami nikamfunika kitenge changu juu ya sweta. Saa tano, jua limechachamaa, vioo viko juu, jasho linanitiririka mgongoni, na mzee amevaa kama anakwenda Makete. Ananitazama kwa macho makali, machozi yamemlengalenga.

"Baba, nimeshakufunika! Unataka nini tena? Nikuwashie jiko humu ndani?"

Ndiyo, nilimfokea. Nakiri.

Hospitali walimpima, hana homa. Nyumbani akawa hasemi kabisa neno hilo, analisema ndani ya gari tu. Wakati wa kurudi alilisema mara kumi na nne. Nilihesabu kwa hasira. Na gari nalo likazua jipya: nazima, nachomoa ufunguo, lenyewe linaendelea kutetemeka na kukohoa mbele ya nyumba yangu, majirani wanatoka kuangalia.

Nikarudi kwa Jastin. Akasikiliza, akakuna kichwa.

"Huo ni uzee, dada. Injini imechoka. Uza tu."

"Si umesema umeniwekea plagi za moto?"

"Ndiyo, tena za moto haswa. Plagi hazina shida."

Nilipompigia Evance kumweleza habari za baridi, alishusha pumzi ndefu kwenye simu. "Unaona sasa? Baridi, Kilosa, na jua hili! Akili imeshakwenda, dada. Tukubali tu."

Nikakata simu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kumwamini.

Jumatano iliyofuata nilimvisha baba sweta kabla hata hatujatoka, na soksi juu. Haikusaidia. Baridi, baridi, baridi, mpaka Mikumi. Injini iligonga njia nzima, na tulipoingia barabara kuu nguvu zikaisha kabisa. Nikaegesha mbele ya duka la spea, nikazima, gari likaendelea kutikisika lenyewe. Nilitamani kulipiga teke.

Mwenye duka, Goodhope, mwanaume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitoka akiwa anatafuna muhogo.

"Shikamoo mzee," akasema dirishani. Akasimama. Akaacha kutafuna. Akangoja mpaka baba akaitikia kwa kichwa, ndipo akanigeukia. "Habari za safari, mama?"

"Safari gani? Gari linagonga, likizimwa halizimiki, fundi anasema injini imechoka, na baba yangu anatetemeka kwa baridi ninayoisikia peke yake!"

"Anayoisikia peke yake," akanirekebisha taratibu. "Ndani kuna plagi gani?"

"Za moto. Za moto kabisa."

Goodhope akacheka. "Mama, kwenye plagi moto sio sifa. Ni aina. Kuna plagi inayoshika joto na kuna inayopoa haraka. Injini kama hii, ukapanda nayo vilima na plagi inayoshika joto, petroli inajiwakia kabla ya wakati wake. Huko ndiko kugonga. Ndiyo maana hata ukizima inaendelea. Hii inataka plagi ya..."

Hakumaliza. Ndani ya gari baba alipiga mlango kwa kiganja, paa!

"Baridi!"

Goodhope akageuka. "Eee, mzee. Ya baridi. Kumbe unaijua hii mashine."

Mimi nilibaki nimeshika boneti. Siku nane. Siku nane mtu ananitajia dawa ya gari lake, kwa neno alilolichimbua sijui wapi ndani ya kichwa kile kilichoumia, na mimi namvisha soksi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Shida yake hazitoki," Goodhope alikuwa anasema huku akipanda juu ya stuli. "Ukimwambia mteja za baridi, anadhani unampa zilizododa." Akashusha boksi lenye vumbi, akahesabu plagi nne. Badala ya kunipa mimi, akampelekea baba.

Baba alizipokea moja moja kwa mkono wa kushoto. Aliigeuza kila moja karibu na jicho, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mwanya wa ncha. Ya tatu akairudisha. "Hapana."

Goodhope akaipeleka juani. "Kweli, ncha imepinda," akasema, akamletea nyingine.

Goodhope alizifunga mwenyewe, baba akichungulia kwa shingo ndefu. Nikawasha. Injini ikanguruma vizuri. Nikazima, ikazimika hapo hapo.

Baba akashika ukosi wa sweta, akauvuta.

"Joto," akasema.

Nililia na kucheka pamoja, kando ya barabara kuu, huku namvua sweta lililolowa jasho. Simu ikaita. Evance.

"Dada, mteja anauliza Jumamosi aje saa ngapi."

"Ongea na mwenye gari," nikasema, nikaweka simu kwenye sikio la baba.

Nilimsikia Evance akibabaika, kisha akipaza sauti kama anaongea na mtoto: shikamoo baba, kuna mteja mzuri, gari limechoka, si utakubali? Baba alimsikiliza mpaka mwisho, bila haraka, macho yake yakiwa kwenye boneti.

"Hapana," akasema.

Kisha akanirudishia simu na kunyoosha kidole mbele, njia ya hospitali, kwa sababu muda wa mazoezi ulikuwa umefika.