Tisa ya Kubandika

Shemeji yake sonara aliingia dukani kifua mbele, akaweka sarafu kuukuu mezani.

"Shemeji, za mwaka ulioandikwa hapa zilitengenezwa chache sana. Nitafutie mnunuzi."

Sonara, mama wa makamo, alivaa lenzi yake jichoni. Sarafu yenyewe ilikuwa halali, lakini tarakimu tatu za mwaka zilikuwa zimelika, na ile tisa ya mwisho ilikuwa kali kama imezaliwa jana. Akaitumbukiza sarafu kwenye maji ya moto. Punde tisa ikabanduka, ikazama peke yake.

Shemeji akajikuna kisogo.

"Nani aliichonga na kuibandika?" sonara akauliza.

"Mimi. Siku tatu nzima, kwa kibanio cha nyusi cha mdogo wako."

Sonara aliiopoa ile tisa, akaitazama tena kwa makini. Ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha siafu, na imechongwa bila kosa. Miaka miwili alikuwa akitafuta fundi wa kuunga mikufu myembamba, asipate.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "ila yako umeichonga vizuri. Kesho saa mbili asubuhi uje kazini."

Shemeji alifika saa moja na nusu.