Gari Linavuta Kushoto

Mume wangu akikaa na kaka yangu, mke hana nafasi. Ni pete na chanda, na katikati yao kuna gari: jekundu, la viti viwili, limelala chini hata paka hapiti uvunguni. Mimi naendesha lori la mikate. Gari kwangu likifika limefika. Wao gari likifika ndipo maneno yanapoanza.

Mume wangu wenzake wa mashindano humwita Kona, kwa sababu yeye huwapita watu hapohapo, kwenye kona, pale ambapo mwenye akili zake hukanyaga breki. Kaka yangu ndiye fundi wake. Huyo ni Milimita, na jina lajieleza. Hata picha ukutani kwangu hawezi kuipita bila kuinyoosha.

Wana sheria yao. Hubadilisha kitu kimoja tu kwa mara: leo upepo wa matairi, kesho springi, keshokutwa shokapu zikazwe au zilegezwe. Kona anazunguka, anarudi, anasema alichohisi, na Milimita habishi. "Fundi anaona kwa macho," husema kaka yangu, "dereva anahisi kwa makalio. Makalio hayadanganyi." Basi hucheka wenyewe, kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza wameusikia utani huo.

Mvua zilipoanza, daktari alitukalisha akatueleza. Mishipa inayoamrisha misuli inakufa. Imeanzia mkono wa kulia, haitaishia hapo, na dawa ya kuirudisha haipo. Magari ya mbio basi, alisema. Kona alimsikiliza kwa adabu, kama anayesomewa hali ya hewa ya mji wa watu. Tulipotoka nje akaniambia, "Nakimbia mashindano ya mwisho wa mwezi. Nikishinda, huyo daktari atanitafuta mwenyewe." Nilimweleza kaka yangu yote. Akasema, "Nimesikia, dada," akaingia uvunguni mwa gari.

Tangu hapo kila kitu kikawa kibovu isipokuwa ule mkono. Kikombe kilimponyoka: vikombe vya siku hizi vinateleza. Shati halikufungika: fundi cherehani ametoboa matundu ya sindano. Na gari likaanza kuvuta kushoto. Milimita alilipandisha kwenye jeki, akapima, akagusa hiki na kile, Kona akatabasamu: "Sasa limenyooka." Baada ya siku chache linavuta tena. Nitasema wazi, nililionea wivu lile gari. Lilipougua, lilikuwa na fundi.

Jumamosi ya kabla ya mashindano nilimaliza kugawa mikate nikawapitia uwanjani kwao, lami kuukuu nyuma ya maghala, yenye mstari mweupe katikati. Nilimkuta Milimita amesimama na kipimo cha upepo mkononi. Kona alikuwa anaishambulia kona ya mwisho. Pua ya gari iliingia vizuri, halafu nyuma ikaachia, gari likazunguka kama pia, likasimama limegeukia lilikotoka. Alishuka mzima, akaja kwa miguu, kofia ngumu ameibana kwapani.

"Linavuta tena," alisema. "Kaniletee hilo gari, mama watoto. Jua limenichosha."

Jua lenyewe lilikuwa nyuma ya mawingu. Nilikwenda bila kubisha.

Niliingia kwa kujikunja, nikaliwasha, nikalirudisha polepole. Nilipofika penye mstari nikafanya kile ninachofanya kwa lori langu kila nikibadilisha tairi: nililegeza vidole, nikauachia usukani. Gari likahama. Nikalirudisha kwenye mstari, nikaliachia, likahama tena.

Nilifurahi! Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu mle ndani. Kumbe gari ni bovu kweli. Wiki zote hizi nimemwona mume wangu mtu wa kujidanganya, kumbe alikuwa anasema kweli. Na kama alikuwa sahihi kuhusu gari, kwa nini asiwe sahihi kuhusu mkono? Madaktari hawakosei? Nililisimamisha mbele yao nikashuka na maneno tayari.

"Baba watoto, unisamehe," nikasema. "Una haki. Hili gari linavuta, nimeliona mwenyewe."

Uso wake ulifunguka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu siku ya daktari. "Si nilisema? Kushoto, sivyo?"

"Kushoto wapi? Kulia. Tena linavuta hasa."

Milimita aliinama akaanza kufuta kipimo ambacho hakikuwa na vumbi. Kona alinitazama mimi, akamtazama yeye, na nikaona tabasamu likimtoka kidogo kidogo.

"Shemeji," akamwita. "Umelipinda?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema mara ya kwanza." Kaka yangu hakuinua uso. "Lilikuwa limenyooka, shemeji. Nililiendesha mwenyewe, limenyooka kama uzi. Ila mkono wako wa kushoto una nguvu, wa kulia hauna. Ukishika usukani, wa kushoto unashinda. Nikainamisha gurudumu la kulia, nikapunguza upepo wake, livute upande wa pili, mkutane katikati. Kila nguvu zikipungua, nami naongeza. Leo nimefika mwisho. Nikizidisha, hiyo kona itakuua."

Nilitamani niumeze ulimi wangu. Nilimpenda kaka yangu saa ile, na ningeweza kumpiga kwa spana.

"Linyooshe," alisema Kona.

"Shemeji, ukiliendesha hivyo..."

"Nimesema linyooshe."

Milimita alilala chini akafanya kazi yake. Alipima mara mbili, akajaza upepo, akatoka uvunguni macho mekundu, akisingizia mchanga. Kona aliingia. Hakukimbia. Alikwenda mwendo wa bibi harusi, magurudumu juu ya mstari mweupe, mikono yote miwili kwenye usukani, tukamtazama. Kabla ya nusu ya uwanja gari lilikuwa limeuacha mstari, kushoto. Akalirudisha. Likauacha tena. Aligeuza mwisho wa lami akarudi, na kurudi kulikuwa vilevile.

Alizima injini, akashuka.

"Gari zima," alimwambia kaka yangu. "Hongera, fundi. Litafutie mtu wa kulikimbiza mwisho wa mwezi, lisikae bure."

Milimita akaondoka kwenda kukusanya vyombo vyake.

Kona alitembea hadi kwenye lori langu, akapanda upande wa abiria, upande ambao hajawahi kuukalia tangu tuoane. Nikakaa penye usukani, nikaingiza ufunguo, nikangoja.

"Nifunge mkanda," akasema. Akainua kidevu nimpitishie, akawa anatazama mbele.

Nikamfunga.